Uchumi ndani ya shahada ya biashara: jibu kwa binti wa Newala

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza shahada ya biashara na nia yangu ni kuwa mhasibu. Kidato cha sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kwa hiyo uchumi sikuusoma, wala BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita. Muhula huu tuna somo la uchumi wa biashara, na muhula ujao kuna jingine la uchumi wa taifa. Tesiti ya kwanza nimepata 9 kati ya 20, na nilikuwa nimekariri madesa yote. Kaka yangu aliyemaliza chuo ananiambia masomo haya ni ya kupita tu: nikariri pasti pepa nisipate sapu, nguvu niziweke kwenye uhasibu. Wazazi wangu ni wakulima wa korosho Newala, na mama ana genge. Naomba uniambie ukweli. Uchumi utanisaidia nini, na mtu aliyetoka HGL kama mimi ausomeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nimefundisha uchumi kwa wanafunzi wa biashara zaidi ya miaka ishirini, na barua kama yako huniijia kila mwaka tesiti ya kwanza ikisharudishwa. Yako nimeipenda kwa ile sentensi ya korosho na genge. Umeiandika kama utambulisho tu, kumbe ndiyo mtaji wako mkubwa katika somo hili, na nitaitumia kukujibu karibu kila kitu.

Nianze na kaka yako. Ni kweli kwamba mtu anaweza kukariri pasti pepa akapita. Wengi wamepita hivyo na GPA zao si mbaya. Anapokosea ni kuutenga uhasibu na uchumi kana kwamba havijuani. Vitabu vya mhasibu vinaeleza fedha zilikotoka na zilikokwenda mpaka jana jioni. Lakini siku utakapoitwa ofisini kwa mkurugenzi, hatakuuliza ya jana peke yake. Atauliza: tukipandisha bei mwezi ujao itakuwaje? Tuongeze mashine ya tatu au tuache? Shilingi ikishuka tunaumia kiasi gani? Hapo vitabu vinakupa namba za kuanzia, na njia ya kufikiri unaitoa kwenye uchumi. Mhasibu asiyeweza kujibu hayo atabaki kuingiza risiti, na wewe sidhani kama umetoka Newala kwa ajili ya kuingiza risiti.

Sasa somo lenyewe. Ukiliondolea michoro na majina marefu, somo la muhula huu linauliza jambo moja tena na tena: hatua moja inayofuata itaongeza nini, na itagharimu nini? Mfuko mmoja zaidi, kibarua mmoja zaidi, fungu moja zaidi. Watu tumezoea kufikiri kwa jumla na kwa wastani, na ndiyo maana somo linaonekana gumu.

Nyumbani mnapulizia mikorosho salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, kwa hiyo mfano huu hauhitaji utangulizi. Namba ni zangu, za kufundishia. Tuseme mfuko wa kwanza wa salfa unaliongezea shamba lenu kilo 120 za korosho, wa pili unaongeza kilo 60, wa tatu kilo 20, wa nne kilo 5. Mfuko mmoja pamoja na malipo ya mpulizaji ni shilingi 50,000. Kilo ya korosho ni shilingi 3,000. Anayefikiri kwa wastani atapiga hesabu hivi: mifuko minne imeleta kilo 205, sawa na kilo 51 na ushee kwa mfuko, yaani zaidi ya shilingi 150,000 kwa kila 50,000 tuliyotoa. Atashangilia, na mwakani atanunua mitano.

Utazame mfuko wa nne peke yake. Umeleta kilo 5, ambazo ni shilingi 15,000, na umekula 50,000. Mifuko mitatu ilikuachia 450,000 baada ya kulipia salfa. Minne imekuachia 415,000. Hasara ya 35,000 ilikuwa imejificha ndani ya wastani mzuri, na hakuna kitabu cha hesabu kitakachoionyesha mpaka mtu aulize swali la mfuko wa mwisho. Kwenye madesa yako jambo hili limeandikwa kwamba faida hufika kileleni pale mapato ya nyongeza yanapolingana na gharama ya nyongeza. Ulikariri sentensi hiyo, naamini. Irudie sasa ukiwa na mifuko minne mbele yako uone kama bado ni ngumu.

Twende gengeni kwa mama. Tuseme kwa mwezi anauza bidhaa za 900,000, na kuzinunua kulimgharimu 650,000. Mwalimu wako wa uhasibu atasema faida ni 250,000, na yuko sahihi kwa kazi yake. Mwalimu wa uchumi atauliza maswali mawili zaidi. Lile genge lingepangishwa, lingeingiza ngapi? Tuseme 80,000. Na mama angekwenda kubangua korosho kiwandani, angelipwa ngapi? Tuseme 200,000. Vitu viwili alivyoviacha ili awe gengeni vina thamani ya 280,000, kwa hiyo kwa hesabu ya uchumi anapungukiwa 30,000 kila mwezi ingawa droo ina pesa. Hii ndiyo gharama ya fursa.

Sisemi mama afunge genge. Gengeni yuko karibu na wadogo zako, mboga ya jioni haiendi kununuliwa kwingine, na hana msimamizi wa kumfokea. Hayo nayo yana thamani, na mchumi mzuri huyaweka kwenye mizani. Ninachotaka uone ni kwamba neno faida lina maana mbili kwenye masomo yako mawili, na wanafunzi wengi huangukia hapo kwenye mtihani kwa sababu hakuna aliyewaambia wazi.

Tesiti yako sijaiona, lakini nimesahihisha za kutosha kujua alama huvujia wapi. Inavuja zaidi kwenye ule mchoro wa mstari wa mahitaji na mstari wa ugavi, kwenye tofauti kati ya kutembea juu ya mstari na kuhama kwa mstari wenyewe. Chukua sukari ya mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zililowesha mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna na kuzalisha kama kawaida, na kilo ya sukari iliyokuwa chini ya shilingi 3,000 ikapita 4,000 sehemu nyingi. Mwanafunzi huandika: "Ugavi ulipungua, bei ikapanda, kwa hiyo mahitaji yakapungua, kwa hiyo bei ikashuka." Hapo amejifunga mwenyewe, akatoa bei mbili kwa tukio moja.

Mahitaji hayakupungua. Watanzania hawakuacha kupenda chai ya sukari Januari ile. Mstari wa ugavi ndio uliohama kwenda kushoto, na wanunuzi, wakiwa juu ya mstari wao uleule wa mahitaji, walipanda nao hadi mahali ambapo bei ni kubwa na kiasi wanachonunua ni kidogo. Mahitaji ni mstari mzima. Kiasi kinachohitajika ni nukta moja juu yake. Mstari wa mahitaji unahama pale tu kitu kingine nje ya bei ya sukari yenyewe kinapobadilika: mfungo wa Ramadhani ukiingia, mishahara ikipanda, bei ya asali ikishuka. Kabla hujachora chochote kwenye mtihani, jiulize: kilichobadilika kimewagusa wauzaji au wanunuzi? Kisha hamisha mstari mmoja tu.

Mwezi huohuo serikali ilitangaza bei elekezi ya sukari, kati ya 2,700 na 3,200 kwa kilo ya rejareja kutegemea mkoa. Hapo una swali kamili la mtihani: ukiweka bei chini ya pale mistari miwili inapokutana, kiasi kinachotakiwa kinazidi kiasi kinachopatikana, na pengo hilo lazima lijazwe na kitu fulani. Foleni, kujuana na muuza duka, sukari inayouzwa nyuma ya kaunta, au mzigo wa kutoka nje. Serikali ililijua hilo, ndiyo maana vibali vya kuagiza sukari navyo vilitolewa. Chora yote mawili, bei elekezi na uagizaji, kwenye mchoro mmoja, uone jinsi uagizaji unavyourudisha mstari wa ugavi kulia.

Jambo dogo linalowasumbua hasa wanaotoka HGL: mbona bei inakaa kwenye mhimili wa wima, wakati hesabu ya sekondari ilitufundisha kwamba kinachosababisha hukaa kwenye mhimili wa mlalo? Ni desturi iliyoenea kutokana na Alfred Marshall wa Cambridge, ambaye kitabu chake kikuu kilitoka 1890. Ikubali ilivyo usonge mbele, usifikiri ni wewe uliyekosea.

Kuhusu hesabu, nisikudanganye: kukosa BAM kutakugharimu wiki kadhaa za kazi. Lakini hesabu ya mwaka wa kwanza si bahari. Unahitaji asilimia, mlinganyo wa mstari ulionyooka, kutatua milinganyo miwili kwa pamoja, na kalkulasi ya mwanzo kabisa. Kalkulasi inaogopwa bure. Kwenye uchumi inakuuliza swali la mfuko wa nne tu, isipokuwa hatua inayofuata ni ndogo sana badala ya kuwa mfuko mzima. Tafuta mwenzako wa EGM au PCM, aliyesoma hisabati, mkae jioni tatu kwa wiki. Wewe utamlipa kwa insha: wao huandika vibaya, na nyie wa HGL mnajua kujenga hoja. Maswali ya maelezo yana alama nyingi kuliko wanavyodhani.

Sasa nikae kidogo kwenye mnyumbuko, yaani kipimo cha kiasi kinachonunuliwa kinavyoitikia bei ikibadilika, maana hapa ndipo uhasibu na uchumi vinaposhikana mikono kabisa. Mama anauza nyanya fungu shilingi 500, kwa siku mafungu 100. Akipandisha hadi 600 anauza 70. Bei imepanda kwa asilimia 20, kiasi kimeshuka kwa asilimia 30. Ukigawanya 30 kwa 20 unapata 1.5, na kwa kuwa ni zaidi ya 1, mauzo yanashuka: kutoka 50,000 hadi 42,000. Chumvi ni tofauti. Pakiti ya 500 ikipanda hadi 600, kutoka pakiti 20 atauza labda 19. Mnyumbuko ni 0.25, na mauzo yanapanda kutoka 10,000 hadi 11,400. Nyanya mteja anaweza kuzifuata genge la jirani au kupikia bamia. Chumvi haina mbadala, tena ni hela ndogo katika matumizi ya nyumba.

Wengi wanaishia hapo na kuandika kwamba mama asipandishe bei ya nyanya. Wewe ni mhasibu mtarajiwa, usiishie hapo. Kila fungu mama hulinunua kwa 300. Kwa bei ya 500 alikuwa anabaki na 200 mara 100, yaani 20,000. Kwa bei ya 600 anabaki na 300 mara 70, yaani 21,000. Mauzo yameshuka na faida imepanda! Kitabu hakikudanganya, kilizungumzia mauzo, na wewe ukasikia faida. Sasa geuza tena: tuseme alikuwa ameshanunua mafungu 100 asubuhi, ndipo akapandisha bei saa tano. Mafungu 30 yataoza. Atapata 42,000 wakati ametoa 30,000, anabaki na 12,000. Jibu la swali lilelile limebadilika kwa sababu fedha ya kununulia ilikuwa imeshatoka. Ukiweza kueleza tofauti ya hesabu hizi tatu bila kutazama daftari, umeelewa nusu ya muhula.

Serikali nazo hukutana na mnyumbuko. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi kinachotumwa au kutolewa. Kwenye karatasi unaweza kuzidisha tozo kwa idadi ya miamala ya mwezi uliopita ukapata pato zuri. Ila mtumaji ana mbadala: fedha taslimu, au bahasha kwa kondakta wa basi. Watu wakalalamika, wengi wakapunguza kutuma, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Hesabu ya mapato iliyochukua tabia ya watu ya jana kana kwamba haitabadilika kesho ni kosa ambalo utalikuta kwenye bajeti za makampuni mengi utakayokagua.

Nikuletee sasa jambo ambalo hutalikuta kwenye kitabu chako, ila wewe unalijua kuliko mwandishi wake: kangomba.

Unajua inavyokwenda. Miezi ya kabla ya msimu nyumba nyingi hazina fedha, ada inadaiwa, mtu anaumwa. Mnunuzi anakuja kimyakimya, analipia korosho ambazo bado hazijaonekana mtini, na msimu ukifika anajipimia kwa bakuli lake linalozidi kilo. Tuseme Aprili amelipa 1,500 kwa kilo, na Oktoba mnadani kilo inauzwa 3,000. Kwa macho ya mhasibu, mkulima ameuza kwa bei ndogo. Kwa macho ya mchumi, mkulima amekopa: amepokea 1,500 na kurudisha 3,000 baada ya miezi sita. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa nusu mwaka, kabla hata hujahesabu ujanja wa bakuli. Mkopo wa asilimia 3 kwa mwezi, ambao tungeuita ghali, ungemgharimu asilimia 18 tu kwa muda huo.

Kwa nini basi anakubali? Nimewasikia watu wakisema wakulima hawana elimu. Jibu hilo linanikera, kwa sababu ni la mtu asiyetaka kufikiri. Mkulima anajua kabisa kwamba anapunjwa. Hana mkopo wa asilimia 3 wa kuchagua. Benki haimjui, haiwezi kutofautisha mkopaji mwaminifu na asiye mwaminifu, shamba lake halina hati, na gharama ya kumfuatilia mtu mmoja kijijini kwa mkopo wa laki mbili inazidi riba yenyewe. Mwanauchumi George Akerlof aliandika mwaka 1970 jinsi soko linavyoweza kuharibika pale upande mmoja unapojua ubora wa kitu na mwingine haujui. Yeye alitumia mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi za aina hiyo. Mnunuzi wa kangomba naye anaweza kukopesha kwa sababu anakaa kijijini na anajua nani ana mikorosho mingapi. Taarifa ndiyo mtaji wake. Sehemu ya riba ile ni malipo ya hatari, kwa kuwa biashara yenyewe ni haramu na bei inaweza kuanguka. Sehemu nyingine ni unyonyaji wa mtu asiye na pa kwenda. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ni kazi ya kiuchumi inayomngoja mtu kama wewe.

Ukishaliona hivyo, utaelewa kwa nini stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007, una maana zaidi ya kupanga foleni ya mnada. Korosho ikipimwa kwa mizani inayokaguliwa, ikapangwa daraja na kuandikiwa stakabadhi, taarifa iliyokuwa kichwani mwa watu wachache inakuwa karatasi ambayo hata benki inaweza kuisoma. Hautatui tatizo la Aprili, maana Aprili hakuna cha kupeleka ghalani. Ndiyo sababu kangomba haijaisha kwa misako peke yake.

Na 2018 unaikumbuka, ingawa ulikuwa mdogo. Oktoba ile wakulima walizikataa bei za minada ya mwanzo, zilizokuwa chini ya 3,000 wakati msimu uliotangulia walizoea karibu 4,000. Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300, na magari ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Watu huibishania habari hii kisiasa. Ninataka uisome kama mchumi na kama mhasibu. Korosho yetu sehemu kubwa husafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa Vietnam na India, kwa hiyo bei ya Newala inafuata bei ya huko, na mwaka ule soko la dunia lilikuwa limeshuka. Tuna bahati ya kuvuna Oktoba hadi Desemba, wakati nchi nyingine nyingi huvuna katika nusu ya kwanza ya mwaka, hivyo mnunuzi anatuhitaji. Lakini bahati hiyo ina saa yake: mzigo ukikaa ghalani hadi wengine waanze kuvuna, inayeyuka, na kila mwezi unalipia ghala, fedha iliyofungwa, na korosho inayopoteza ubora.

Mhasibu anaingia hapa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinakutaka uandike mali iliyoko ghalani kwa gharama yake au kwa thamani halisi itakayopatikana ikiuzwa, ile iliyo ndogo. Umenunua kwa 3,300. Gharama unayo kwenye risiti. Thamani itakayopatikana utaitoa wapi? Lazima ujue mavuno ya Afrika Magharibi, bei ya korosho iliyobanguliwa, thamani ya shilingi. Mtu aliyesoma uhasibu peke yake atamwomba mwingine ampe namba hiyo, ataiamini na kusaini.

Vipo vipande vya somo ambavyo sitakuwekea chumvi. Ile michoro ya mteja anayechagua kati ya machungwa na maembe, isome uielewe kwa mtihani, uijue mantiki yake, upite. Soko la ushindani kamili usilidharau ingawa hujawahi kuliona. Ni kama futi ya fundi, haifanani na ukuta wowote ila ukuta hupimwa kwayo.

Somo la muhula ujao, la uchumi wa taifa, litakuja na majina mengi, na watu hulikariri kuliko hili. Dawa ni kulisoma pamoja na taarifa zinazotoka wakati huohuo. Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuongoza sera yake ya fedha kwa kutumia riba, ikaweka Riba ya Benki Kuu kuwa asilimia 5.5. Aprili ikaipandisha hadi 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Kila robo mwaka hutoa maelezo ya kwa nini. Soma maelezo hayo, na taarifa ya mfumuko wa bei ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi. Zote ni bure kwenye tovuti zao. Jiulize tena lile la hatua inayofuata: riba ikipanda nusu asilimia, ni mkopaji gani atakayeahirisha? Shilingi ikishuka, nani nyumbani kwenu anafurahi na nani analia? Mwenye korosho anauza kwa bei inayotokana na dola, mama ananunua mafuta ya kupikia yanayotoka nje. Familia moja, pande mbili za kitu kimoja.

Kwa mhasibu hili si pambo. Tangu 2018, kiwango kingine cha kimataifa, IFRS 9, kinazitaka benki zikadirie hasara ya mikopo zikitazama mbele, pamoja na hali ya uchumi inayotarajiwa: ukuaji, mfumuko wa bei, ajira. Wahasibu wengi wa benki walilazimika kurudi kwenye madaftari ya uchumi wa mwaka wa kwanza waliyoyatupa.

Kuhusu kusoma kwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nami nilifeli tesiti ya kwanza ya uchumi, na nilikuwa nimekariri kama wewe. Kilichoniokoa ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu aliyenikataza kusoma madesa kabla sijaeleza jambo kwa maneno yangu. Fanya hivyo. Ukitoka lekcha, kabla ya kulala, mweleze mwenzako mada moja kwa Kiswahili, au kwa Kimakonde kama yupo wa kwenu, kwa mfano wa Newala. Pale utakapokwama ndipo hujaelewa, hata kama umeandika kurasa nne. Ukishaelewa, rudi kwenye Kiingereza cha mtihani ukariri maneno yake rasmi; hapo kukariri kuna kazi yake, kwa sababu unavika nguo kitu ambacho tayari kina mwili. Michoro ichore kwa mkono kila siku, andika majina ya mihimili kwanza. Pasti pepa zitumie, kaka yako hakukosea hapo, ila zifanye kwa saa bila majibu pembeni, na kila swali libadilishe kidogo: kama lilikuwa la ushuru, lifanye la ruzuku.

Na ile 9 yako. Kama kwenu kazi za muhula ni alama 40 na mtihani wa mwisho 60, kama ilivyo vyuo vingi, na tesiti hii inabeba 20, umepoteza alama 11. Ni kama fedha ya nyanya za asubuhi, imeshatoka, isiamue unafanya nini kesho. Mbele yako kuna alama 80 ambazo hakuna aliyezigusa.

Leo usiku chora ile sukari ya 2024 bila kufungua daftari, na bei elekezi juu yake. Kesho mpigie mama umuulize wiki hii ameuza mafungu mangapi ya nyanya, kwa bei gani, alinunua kwa ngapi, na mangapi yameoza. Piga zile hesabu tatu kwa namba zake. Ukikwama, niandikie tena uniwekee na mchoro.